Sura ya Sita: Breki za Nyuma Katika Nchi ya Miteremko

Mtu akiingia duka la spea mjini Nyeri na kuulizia breki pedi za nyuma za pikapu, muuzaji humuuliza kwanza ni gari gani na ni la mwaka gani. Ana sababu. Pikapu nyingi zinazobeba riziki ya watu kuanzia Sagana hadi Meru, ziwe Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan Hardbody au Mitsubishi L200, hazina pedi nyuma hata kidogo. Mbele kuna diski na pedi zake. Nyuma kuna dramu, yaani bakuli zito la chuma lililofunika kitovu cha gurudumu, na ndani yake mna breki shuu mbili zilizopinda, kila moja imebandikwa lainingi mgongoni. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma pistoni mbili ndogo za silinda ya gurudumu, shuu zikatanuka, lainingi ikasugua ukuta wa ndani wa dramu, gari likapunguza mwendo. Sura hii ni ya kubadilisha shuu hizo nyumbani, kwa vifaa ambavyo mwenye pikapu anaweza kuvinunua kidogo kidogo. Wenye pedi nyuma nitawafikia baadaye, maana kazi yao ni fupi zaidi.

Dramu haikubaki nyuma ya pikapu kwa sababu ya uzembe wa watengenezaji. Ni nafuu, imejifunika hivyo tope na changarawe haviirukii lainingi moja kwa moja, na breki ya mkono hufungwa humo humo kwa waya na mkono mfupi wa chuma. Tena ina nguvu ambayo wengi hawaijui: shuu ya mbele huvutwa na mzunguko wa dramu yenyewe ikazidi kujikaza, kwa hiyo mguu mwepesi huzaa mshiko mkubwa. Udhaifu wake ni joto. Diski iko wazi kwa upepo, lakini dramu hulifungia joto ndani. Ikipata moto hutanuka, ukuta wake ukazikimbia shuu, na pedeli ikashuka chini kuliko ilivyozoea, wakati ule ule ambapo dereva anahitaji mguu wake ukute kitu kigumu.

Na kwetu joto halikosekani. Tazama mito. Kutoka Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5,199, maji hushuka pande zote: Sagana, Ragati, Thiba, Rupingazi, Nithi na mingine mingi. Upande wa pili Aberdare huteremsha Chania na Gura. Kila mto umechimba bonde lake katika udongo wa volkano, na kati ya bonde na bonde umebaki mgongo. Barabara inayofuata mgongo hupanda na kushuka taratibu. Barabara inayoikata migongo hutumbukia hadi darajani, kisha hupanda tena, kisha hutumbukia. Wakazi wa Othaya, Mukurwe-ini na Tetu huishi katika barabara za aina hii ya pili, na njia ya kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru ni mfano wake mkubwa, bonde moja baada ya jingine. Daraja la Nithi liko katika njia hiyo. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka upande wa Meru lilitumbukia pale, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maafisa wa eneo hilo walitaja breki kuwa ndizo walizoshuku. Wengi wetu tumepita hapo tukiwa na watoto garini.

Magharibi ya mlima mambo ni tofauti. Ukishapita Kiganjo kuelekea Naro Moru na Nanyuki, ardhi inakuwa uwanda, na mtu anaweza kuendesha huko kwa majuma bila kutambua kwamba breki zake za nyuma zimekwisha. Atakuja kutambua siku atakapoteremka kutoka Karatina akiwa na mzigo.

Hesabu ya mteremko huo inafaa kufanywa hata mara moja maishani. Chukua pikapu ya tani 1.8, pakia tani moja ya viazi, iteremshe mita 500 kwa kimo, ambacho ni kidogo kuliko tofauti ya kimo kati ya Karatina na Sagana. Nguvu inayopaswa kupotea njiani ili gari lifike chini bila kuongeza mwendo ni takriban jouli milioni 13.7. Nguvu hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya bomba. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, na sehemu kubwa ingeweza kuchukuliwa na injini kama dereva ameweka gia ya pili au ya tatu. Anayeteremka kwa nyutro akidhani anaokoa dizeli huitupa karibu nguvu yote kwenye breki, tena bila faida: injini za siku hizi zikisukumwa na mteremko gia ikiwa imeingia, hukata mafuta zenyewe.

Wako wanaosema breki za nyuma hazina kazi kubwa, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito huinamia mbele. Ni kweli kwa pikapu tupu. Lakini pikapu haikununuliwa itembee tupu. Weka magunia ya viazi au kreti za kabichi juu ya ekseli ya nyuma, na magurudumu ya nyuma hukandamiza barabara kwa nguvu mpya. Wakati huo breki za mbele peke yake zitachemka, na zile za nyuma zikiwa zimelala, gari litahitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame.

Watengenezaji walilifikiria hili, na hapa nakuomba uende taratibu pamoja nami, kwa sababu jambo hili huharibiwa kila siku kwenye gereji zetu bila mtu kukusudia. Chini ya pikapu nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu yenye mkono wa chuma uliounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Sehemu ya nyuma ikididimia kwa uzito, mkono husogea, valvu ikaruhusu presha zaidi iende kwenye breki za nyuma. Ikiinuka, valvu hupunguza presha ili magurudumu mepesi yasijifunge na gari likateleza. Sasa fikiria desturi yetu ya kuongeza bapa za springi ili pikapu ibebe zaidi ya kipimo chake. Baada ya kuongezwa bapa mbili tatu, gari hubeba tani moja na nusu huku mgongo wake ukiwa umesimama wima. Valvu inaona gari lililoinuka, inaamini ni tupu, inazinyima breki za nyuma presha. Mzigo umeongezeka, breki zimepungua. Baadhi ya mafundi huufunga mkono huo kwa waya au huuondoa kabisa, na huo ni ubaya wa aina nyingine, kwa maana gari tupu litajifunga nyuma kwenye lami yenye mvua. Kama springi zimeongezwa, mwambie fundi aurekebishe mkono wa valvu ulingane na kimo kipya, na asiyejua kuurekebisha asiguse springi. Kubadilisha shuu huku valvu ikidanganywa ni kununua viatu vipya na kuviacha sandukuni.

Kuhusu muda, vitabu vya watengenezaji hutoa kilomita za kuzingatia, na ni vyema kuzijua. Lakini miteremko na tope letu vina hesabu zao. Ushauri wangu kwa mtu wa milima hii ni kufungua dramu mara mbili kwa mwaka, hata kama hakuna dalili: mara moja mvua za masika zikikatika, kufikia Juni, na mara nyingine kabla mavuno makubwa ya kahawa hayajaanza Oktoba. Kati ya hapo, sikiliza. Mkono wa breki ukianza kupanda juu sana kabla haujashika, pedeli ikishuka zaidi, gari likivuta upande mmoja, au chuma kikisikika kikikwaruza chuma unapokaribia kusimama, usingoje. Kikombe cha mafuta ya breki kinachopungua pole pole bila tone kuonekana chini mara nyingi kinavujia ndani ya dramu.

Ununuzi. Shuu hununuliwa kwa seti ya magurudumu yote mawili, kulia na kushoto, na hazibadilishwi upande mmoja peke yake, la sivyo gari litavutwa. Nenda dukani na shuu ya zamani mkononi. Linganisha upana, mpindo, na kila tundu la springi. Tazama jinsi lainingi ilivyoshikamana na chuma: pasiwe na mwanya hata wa kupitisha ukucha. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa Kenya mwaka 2008, na bado maboksi yenye chapa za kuiga yapo kwenye rafu, kuanzia Kirinyaga Road jijini Nairobi hadi miji yetu midogo. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote ina maana yake. Kuna pia njia ya zamani ya kupeleka shuu kwa fundi azivue lainingi na kupiga mpya kwa riveti. Kwa malori njia hii bado ni nzuri mikononi mwa fundi hodari. Kwa pikapu ndogo, shuu mpya zilizokamilika zina uhakika zaidi, kwa kuwa mpindo wa lainingi usipolingana na dramu, sehemu ndogo tu ndiyo itakayogusa.

Kazi yenyewe huanza na ardhi, na katika sehemu zetu za mteremko ardhi tambarare si kitu cha kudhaniwa. Uwanja wa nyumba unaoonekana sawa kwa macho unaweza kuwa unainama kuelekea kwenye shamba la chai. Weka chupa ya maji ya mviringo chini uone kama itabingirika. Ukikosa mahali pa sawa, omba uwanja wa kanisa au wa jirani. Na hapa pana hatari ambayo imewaumiza watu waliokuwa waangalifu katika kila jambo jingine. Katika pikapu inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma, gia hushikilia magurudumu ya nyuma. Breki ya mkono nayo hushikilia magurudumu ya nyuma. Ukiyainua hayo kwa jeki, vyote viwili vinashikilia hewa, na magurudumu ya mbele yako huru kubingirika. Tena breki ya mkono lazima iachiliwe ili dramu itoke. Kitu pekee kinachoizuia pikapu ni kabari ulizoweka mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Ziwe kabari kweli, vipande vizito vya mbao vilivyochongwa kwa mshazari na kugongwa vikaingia chini ya tairi. Jiwe la duara kutoka kando ya barabara halifai.

Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua, tairi likiwa bado limegusa ardhi. Inua kwa kuweka jeki chini ya ekseli, kisha weka stendi za chuma chini ya ekseli pande zote mbili, halafu teremsha gari lilale juu yake. Usiingize mwili wala mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Mawe ya kujengea na matofali hupasuka bila onyo. Asiye na stendi apange magogo mafupi ya mkaratusi mkavu kwa kupishana, safu juu ya safu, na alaze gurudumu alilolitoa chini ya chasisi kama ulinzi wa pili. Kisha lisukume gari kwa bega. Likitikisika, panga upya.

Dramu mara nyingi hukataa kutoka. Kutu huishika kitovuni, na ukingo uliobaki mahali lainingi haikugusa huzing'ang'ania shuu kwa ndani. Dramu za Toyota na Isuzu huwa na matundu mawili madogo yenye nyuzi: pata boliti mbili za milimita 8 zinazoingia humo, uzikaze kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, nazo zitaisukuma dramu nje pole pole. Nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kitovuni na uipe nafasi ifanye kazi. Nyundo itumike kwa kugonga kiasi kati ya boliti za gurudumu, wala isiguse ukingo wa dramu, kwa kuwa chuma cha kumimina namna hii hupasuka. Ikizidi kukataa, toa kizibo cha mpira kilicho nyuma ya sahani inayobeba shuu, ingiza bisibisi bapa, urudishe ajasta, yaani skrubu inayozitanua shuu, ili zisinyae.

Dramu ikitoka, vumbi jeusi litaonekana. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu, na huwezi kujua kwa macho gari la mitumba lilifungwa nini na mwenyewe wa kwanza. Chukua maji yenye sabuni na brashi, osha kila kitu kikiwa kimelowa, uyakinge maji machafu kwenye beseni pana. Watoto wanaopenda kutazama kazi hii wasimame mbali hadi uoshaji uishe.

Kisha tazama kabla ya kufungua. Piga picha kwa simu, na uache upande wa pili ukiwa umefungwa vile vile, ili ukisahau springi ipi inakwenda wapi uwe na mahali pa kutazama. Inua kwa upole vifuniko vya mpira vya silinda ya gurudumu. Ndani pakiwa pamelowa, silinda inavuja na haina budi kubadilishwa, pande zote mbili. Tazama pia sehemu ya chini, karibu na kitovu. Mafuta mazito yanayonuka kama kiberiti ni oili ya difu iliyopita kwenye sili ya ekseli, na hilo ni tatizo la kumalizwa kwanza, maana shuu mpya zitalowa kama za zamani. Shuu iliyolowa oili au mafuta ya breki imekufa. Wapo wanaoiosha kwa petroli au kuibabua kwa moto. Lainingi hufyonza mafuta hadi ndani, na joto la mteremko wa kwanza huyarudisha juu.

Kipimo cha mwisho cha lainingi kwa pikapu nyingi ni milimita 1, lakini katika milima hii mimi nabadilisha ikifika 2. Dramu nayo ina kipimo chake: tafuta neno MAX na namba ya milimita iliyochorwa kwenye chuma chenyewe, upime kipenyo cha ndani. Ikizidi namba hiyo, itupe. Ikiwa na mifereji lakini bado iko ndani ya kipimo, fundi wa mashine ya leithi ataichonga, na achonge zote mbili kwa kipimo kimoja. Ikiwa inang'aa kama kioo tu, isugue kwa msasa kwa kuvukavuka mpaka mng'ao utoke.

Springi za kurudisha shuu zina nguvu ya kumtoa mtu jicho. Vaa miwani ya kukinga macho, hata kama jirani atakutazama kwa mshangao. Zifungue kwa plaizi imara, ukizielekeza mbali na uso. Pini zinazoshikilia shuu kwenye sahani hufunguliwa kwa kubonyeza kofia yake na kuizungusha robo, huku kidole cha mkono mwingine kikiishikilia pini kwa nyuma. Shuu mbili hazifanani. Ile ya nyuma ndiyo inayobeba mkono wa breki ya mkono, na mkono huo huhamishwa kwenye shuu mpya kwa kufungua kishikizo chenye umbo la herufi C. Ikiwa lainingi mbili zimetofautiana urefu, fuata kitabu cha gari lako, usikisie.

Ajasta ioshwe, ipakwe grisi ya kuhimili joto kwenye nyuzi, izunguke kwa vidole. Ya kulia na ya kushoto zina nyuzi zinazopingana. Zikibadilishana pande, kila inapojirekebisha itazisinyaza shuu badala ya kuzitanua, na baada ya majuma kadhaa pedeli itakuwa chini kuliko ilivyokuwa kabla ya kazi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Sahani ya nyuma ina vituo sita vidogo ambapo shuu huteleza. Paka kila kimoja grisi nyembamba, kisha unawe mikono kabla hujazishika lainingi mpya.

Baada ya kufunga springi zote, gongagonga shuu zikae katikati, rudisha dramu, na uzungushe ajasta kupitia tundu la nyuma mpaka dramu ianze kusuguliwa kidogo inapozungushwa kwa mkono. Kanyaga pedeli mara kadhaa, rudi, pima tena. Msuguo wa pande zote mbili usikike sawa. Breki ya mkono hurekebishwa mwisho kabisa, shuu zikishakaa. Anayeanza na waya wa breki ya mkono huzivuta shuu zisirudi mahali pake, na ajasta haitafanya kazi.

Kama hukufungua silinda, huna haja ya kutoa hewa, ingawa mafuta ya zaidi ya miaka miwili yanastahili kubadilishwa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na katika miji yetu ya ukungu unyevu haukosekani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205, yakishafyonza maji kipimo chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedeli inakuwa laini mpaka sakafuni. Kutoa hewa kunataka watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa gari lenye usukani kulia ni la nyuma kushoto. Weka mpira mwembamba kutoka kwenye skrubu ya kutolea hewa hadi kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Kijana aliye kwenye kiti asifanye lolote bila kuambiwa, na ajibu kwa sauti kila mara.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia hapo." Ndipo unafungua skrubu, mapovu yanatoka, unafunga. "Achilia."

"Nimeachilia."

Akiinua mguu kabla hujafunga, hewa inarudi na mnaanza upya. Kikombe cha juu kisikauke, na mafuta yakimwagikia rangi ya gari mwagia maji mara moja, kwa kuwa yanaibambua.

Sasa wale wenye pedi nyuma, kama baadhi ya Ford Ranger za kuanzia 2022 na magari mengi ya kitalii yanayopanda Aberdare. Kwenu gurudumu likitoka kazi iko wazi mbele ya macho: boliti mbili za kalipa inayobana pedi, pedi za zamani nje, pini za kuteleza zisafishwe na kupakwa grisi yake maalumu, pedi mpya ndani. Angalia jambo moja. Kalipa za nyuma ambazo zinabeba pia breki ya mkono, pistoni zake hazisukumwi kwa nguvu moja kwa moja. Katika nyingi hurudishwa kwa kuzungushwa. Na gari lenye breki ya mkono ya kitufe lazima liwekwe katika hali ya matengenezo kwanza, la sivyo mota yake itavunjika au itabana vidole. Kitabu cha gari kinaeleza. Baada ya kufunga, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha injini.

Nati za magurudumu zikazwe kwa kuvuka, kutoka moja hadi ile inayotazamana nayo, na zikazwe tena baada ya siku moja ya kazi. Kisha jaribu gari likiwa tupu, asubuhi na mapema, kwenye barabara ya sawa isiyo na watu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Ongeza taratibu. Kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo lainingi bado inajipatanisha na dramu, kwa hiyo usizipe breki mpya mzigo kamili wala mteremko mrefu.

Jaribio la maana linakuja baada ya hapo, ukiwa na nusu ya mzigo. Chagua mteremko unaoujua, shuka kwa gia ya tatu, fika chini, simama mahali salama na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu la nyuma bila kuligusa. Joto la kulia na la kushoto lilingane. Upande mmoja ukiwa baridi, shuu zake hazifanyi kazi. Ajasta iko chini mno au pistoni ya silinda imekwama. Upande mmoja ukiunguza na kunuka, shuu zinasugua hata mguu ukiwa umeinuka. Inua gari, zungusha ajasta meno mawili matatu kurudi nyuma, hakikisha waya wa breki ya mkono haujavutwa, ushuke mteremko ule ule tena. Gari la biashara litapimwa breki hizi hizi kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, upande mmoja ukilinganishwa na mwingine, lakini mizigo ya Karatina huanza kupakiwa kabla ya tarehe ya ukaguzi, na jaribio la kiganja unaweza kulifanya juma hili.